Upondo Ambao Baba Hakupewa

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Mama alikuwa anatwanga mpunga uani, na mimi nilikuwa nafua sare yangu ya shule, kwa sababu Jumatatu ningekwenda Ngao kuanza darasa la sita. Nilipokuwa naianika, baba alisimama mlangoni akaitazama.

"Ikikauka ikunje uiweke, Dinah," alisema. "Mwaka huu utapumzika kidogo."

Kupumzika. Ndilo neno alilotumia.

Kiboko alikuwa ameupasua mtumbwi wetu, na shamba letu liko ng'ambo ya mto. Mtu wa kijiji chetu cha Idsowe asiye na mtumbwi hulima kwa ajili ya nyani. Baba hakuwa na fedha nyingine ila zile za shule. Aliniahidi kwamba mtumbwi utavusha watu, watu watalipa, na mwakani nitarudi darasani. Nilimfuata hadi Garsen kutafuta mtumbwi.

Mtu mmoja aitwaye Gollo alikuwa ameuvuta mtumbwi wake kando ya mto, mbali kidogo na kivuko. Ulikuwa wa mti wa mwembe, mpana, hauna ufa. Baba aliugonga kwa ngumi, akamwaga maji ndani kuona kama unavuja. Haukuvuja. Na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya mitumbwi mingine yote tuliyoiona asubuhi ile.

Niwaeleze jambo moja wale msiotoka mtoni. Kwetu Wapokomo, kulipa peke yake hakutoshi. Mwenye mtumbwi huingia majini na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia, akaukabidhi kwa mnunuzi mbele za watu. Husema, "Mimi nimeshuka. Panda wewe." Hapo ndipo mtumbwi unakuwa wako. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Baba alilijua.

"Upondo uko wapi?" aliuliza.

"Ulivunjika, bwana Kombe," alisema Gollo. "Ndiyo maana nakufanyia rahisi."

Baba akacheka. Alidhani amepata bahati. "Upondo si mti tu? Nitakata wangu. Basi punguza tena!"

Gollo akapunguza tena. Upesi mno.

Pale mtoni palikuwa na watu. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa mchanga, wanaume wanasuka mitego ya samaki. Mwanamke mmoja aliacha kusugua. Mzee mmoja aliuweka mtego wake chini, akageuza uso akatazama upande wa porini, ambako hakukuwa na kitu. Nataka mjue kwamba walikuwepo. Walisikia kila neno. Hakuna aliyefungua mdomo.

Tuliondoka na mtumbwi wetu. Tulikuwa wawili tu, mimi mbele na baba nyuma. Lakini sehemu ya nyuma ilizama mno, kama iliyobeba gunia la mahindi.

Wiki ya kwanza baba alivusha watu. Kisha akaja Jatani, mfugaji wa Kiorma aliyezoea kuvuka na vibuyu vya maziwa kwenda kuuza. Alifika ukingoni, akautazama mtumbwi, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii imejaa," alisema.

"Imejaa nini, Jatani? Hujaona kwamba mimi na binti yangu tu ndio tuliomo? Au maziwa yako yamelewa?"

Jatani hakucheka. Alichutama akaweka vibuyu vyake chini. "Kombe, wewe rafiki yangu. Hii imejaa. Mimi ngoja ingine."

Akangoja kutwa nzima pale, maziwa yakachacha. Tangu siku ile Waorma hawakupanda tena. Baadaye hata majirani zetu wakaanza kusema watavuka kesho.

Mimi niliyaona matundu. Mtu akisukuma mtumbwi kwenye maji mafupi, upondo huacha tundu la mviringo kwenye tope. Baba husukumia upande wa kulia. Asubuhi moja maji yalikuwa yamepungua, nikaona matundu ya baba yamepangana upande wa kulia mpaka ukingoni. Upande wa kushoto palikuwa na matundu mengine. Yalikuwa mapana zaidi. Yalikuwa na kina zaidi. Na yalikuwa yanaelekea juu ya mto, maji yanakotoka, siyo kwetu.

Nilimwita baba. Aliyatazama, akayafuta kwa mguu.

"Usimwambie mama yako," alinong'ona.

Baada ya hapo alianza kusimama mbele. Hakuna Mpokomo anayesimama mbele ya mtumbwi kuusukuma. Ni kama kupanda punda ukiwa umeshika mkia. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa amenipa mgongo, na nikaona shingo yake imelowa jasho ingawa jua lilikuwa halijapanda.

"Nyuma pana mtu," alisema.

Nilikwenda Garsen kwa miguu, peke yangu, hasira ikinipeleka. Nilimkuta Gollo amekaa nje ya duka, anakunywa chai. Mtu mzima kama yule sisi humwita ami, kama ndugu wa baba. Siku ile sikumwita ami.

"Mtumbwi ulikuwa wa nani?"

Alitazama huku na huku. "Punguza sauti, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Ulikuwa wa nani?"

"Wa kaka yangu. Dhadho." Aliweka kikombe chini. "Mto ulimchukua pale kwenye kona, karibu na shamba lake. Mtumbwi ulirudi. Yeye hakuonekana, wala upondo wake."

"Kwa hiyo hakuna aliyekukabidhi."

"Nani anikabidhi? Hajashuka," alinong'ona. "Nililala njaa, binti. Nilijaribu kuufanya wangu, ukakataa. Nikasema labda kwa mtu wa mbali utatulia."

"Idsowe ni mbali? Na hawa wote walijua?"

Mwenye duka aliinama akapanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri.

Nilirudi nyumbani nikiwa nakimbia. Baba alikuwa ukingoni, anaangalia maji. Nilimweleza yote. Sikuona mshangao usoni mwake. Niliona uchovu tu.

"Uchome, baba. Leo hii."

"Nikiuchoma nimeichoma shule yako."

"Siitaki! Siitaki shule. Uchome!"

Nilikuwa nasema uongo kuhusu shule, naye alijua. Lakini kuhusu moto nilikuwa nasema kweli. Alinishika kichwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mdogo.

"Mama yako yuko ng'ambo na mahindi," alisema. "Nikamlete. Tukirudi tunauchoma."

Kwa nini sikumzuia? Kulikuwa na mitumbwi mingine. Jirani yetu Hajila alikuwa nao, umefungwa hatua chache kutoka pale. Lakini Hajila alikuwa ametuambia mara mbili kwamba mtumbwi wake una kazi. Ulikuwa umelala pale mkavu, hauna kazi yoyote.

Jua lilikuwa utosini. Mto ulikuwa mweupe kwa mwanga. Niliweza kumwona mama ng'ambo, amesimama na kikapu, amekinga macho kwa mkono.

Baba alisukuma. Alikuwa mbele. Alifika katikati.

Upondo wake ukazama. Aliuvuta. Ukavutwa chini. Aliuachia, ukapotea.

Mtumbwi haukufuata maji. Ulisimama. Kisha ukageuka taratibu, kwa adabu, kama unavyogeuzwa na mtu anayejua kazi yake. Ukaanza kwenda juu ya mto.

Mama alipiga kelele. Nami nilipiga kelele.

Baba akakaa chini. Alikaa kama abiria, mikono juu ya magoti. Hakutugeukia. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Lakini maji ya kushoto yalikuwa yanafunguka na kufunga. Yanafunguka na kufunga. Kila yalipofunga, mtumbwi ulisogea.

Nilikimbia ukingoni nikimwita. Matete yalinikata uso. Nilipofika kwenye kona, mto ulikuwa umetulia na ndege walikuwa wanakunywa maji.

Mtumbwi ulirudi siku ya pili, mtupu, mkavu ndani, ukasimama mbele ya nyumba yetu. Baba hajaonekana mpaka leo. Tulizika nguo zake.

Watu walikuja kutupa pole. Hajila alileta wali. Walilia vizuri sana. Mwanamke wa Garsen, yule wa masufuria, alimshika mama mkono akasema, "Tulikuwa na wasiwasi toka siku ile." Nilimtoa uani kwetu nikimsukuma, na sijutii.

Mwezi uliofuata Gollo alikuja. Alisimama mbali. Alisema kuna mtu wa Kipini anatafuta mtumbwi wa bei rahisi, mgeni, hajui habari. Fedha zingetosha kunirudisha Ngao. Mama alinitazama. Alikuwa amekonda, nyani walikuwa wamemaliza mahindi, na alitaka nikubali. Najua alitaka.

Nilichukua panga.

"Huyo mtu wa Kipini ana watoto?" nilimuuliza Gollo.

"Binti, mimi najaribu kuwasaidia..."

"Nakuuliza, ana watoto?"

Alikwenda zake. Hajarudi.

Kisha nilishuka mtoni nikiwa na panga lile lile, nimeamua kuukata vipande nikaupikie. Niliinua mkono. Hapo ndipo nilipoona sakafu yake, pale nyuma kabisa, mahali pa mwenye kusukuma.

Mti ulikuwa umelika. Kulikuwa na mashimo mawili ya nyayo, laini, kama yale yanayopatikana kwenye mitumbwi ya wazee waliosimama mahali pamoja miaka ishirini. Sisi tulikuwa tumekaa na mtumbwi ule msimu mmoja tu. Na kwenye unyayo wa kushoto kidole kidogo kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkata baba kucha. Kidole kile nakijua.

Panga lilinitoka mkononi.

Mtumbwi bado uko pale. Hatuuzi, hatuuchomi. Kila asubuhi nashuka kuuangalia. Mara ya kwanza nyayo zile zilikuwa na kina cha ukucha wangu. Leo niliingiza kidole, kikazama mpaka kiungo cha pili, na chini kabisa mti ulikuwa na joto.