Kiziba cha Fundi Achuthan

Chokaa ndiyo iliyoanza. Kila asubuhi Bhargavi alifungua kijaluba chake cha shaba akakikuta kikavu, kimekombwa hadi pembeni, na jana yake alikuwa amekijaza kwa mkono wake mwenyewe. Katika nyumba ile mtafuna tambuu alikuwa mmoja tu, naye ni yeye.

"Baba Vilasini," alimwita mumewe, "hii chokaa unapaka ukuta au unalamba?"

"Mimi na tambuu wapi na wapi? Yaangalie hayo meno yako, ndipo uanze kutafuta mwizi."

"Basi panya wa hapa wana harusi."

Wakacheka, yakaisha. Siku ya tatu ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya maua ya ule mti wa majani saba saba, mti ambao kwetu Manikkapuram hakuna mwenye akili anayeupanda karibu na nyumba. Maua yake hutoka mvua zikishakatika, na wakati ule tulikuwa katikati ya kiangazi, visima vimeshuka na mbwa wamelala vivulini ndimi nje. Harufu ilikuja magharibi, tamu mpaka inaumiza kichwa, ikikaa uani upande wa kisima.

Vilasini ndiye aliyeisikia kwanza. Binti yao huyo wa pekee alikuwa amerudi kwa wazazi wake kujifungua, kama ilivyo desturi yetu, tumbo lina miezi minane. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hiyo. Nyumba nzima ilitembea juu ya vidole kwa ajili ya tumbo lile, na baba yake, fundi Achuthan, mtu wa majigambo sokoni, kila jioni alipotoka kazini aliuliza jambo moja tu: "Amecheza leo?" Maana yake mtoto. Vilasini akimjibu kwamba amecheza, ndipo mzee anavua shati na kuomba chai.

Sasa lazima niwaseme maseremala wetu, maana bila hivyo kosa la Achuthan halieleweki. Watu hawa hawatumii msumari. Kasri lote la wafalme wetu wa zamani, paa lake, ngazi zake na nguzo zake, limeungwa mbao kwa mbao, ulimi ndani ya tundu, na seremala atakayeonekana na msumari atapigwa vijembe yeye na wajukuu wake. Siku chache kabla ya chokaa kuanza kupotea, Achuthan alipewa kazi ya kukarabati ukumbi wa kina mama, mle walimokuwa wakikaa malkia. Kwenye nguzo moja ya mfenesi akakuta kichwa cha msumari wa chuma, mkubwa, umekula kutu. Hakujiuliza uliwekwa na nani wala kwa nini. Yeye aliona aibu tu.

"Mpumbavu gani huyu?" alisema kwa sauti, akaung'oa.

Tundu akalitia kiziba cha mfenesi huohuo, akaoanisha nyuzi za mbao, akapitisha randa, akapaka mafuta. Aliporudi kutoka kula alikitafuta kiziba kile yeye mwenyewe asikione. Basi ilikuwa furaha! Siku mbili mfululizo wenzake hawakupumua kwa hadithi za kiziba.

Msumari aliupeleka nyumbani, chuma cha zamani hakitupwi. Bhargavi alitaka pa kutundika taa kwenye mlango wa jikoni unaotazama kisima, binti asije akajikwaa, na Achuthan akaupigilia kwenye mwimo. Ulikuwa mrefu mno, ukatokeza upande wa pili. Akaukata ncha kwa tindo, na kipande cha urefu wa kidole gumba kikarukia uani kwenye majani makavu. Alikiacha huko. Aliyemtukana mwenzake kwa msumari, kwake aliutumia, tena bila hata kuona haya.

Baada ya wiki Vilasini alianza kupauka. Midomo ilimgeuka rangi ya majivu, akawa anasikia baridi mchana wa jua kali, na nesi wa zahanati akasema damu imepungua, ale mboga za majani na ini. Alikula. Damu ikazidi kupungua. Bhargavi alikaa naye kitandani akimsugua miguu.

"Mama," Vilasini alisema, "huyu jirani yako mpya ana uraibu kukuzidi."

"Jirani gani?"

"Yule mrefu, mwenye nywele mpaka magotini, hazifungi. Kila magharibi anakuja hapo kisimani. 'Dada, una chokaa kidogo?' Nami nampa."

Mkono wa Bhargavi ulisimama. "Unampaje? Kwa ncha ya kisu?"

"Kwa mkono, Mama. Kisu nikitafute wapi na tumbo hili?"

Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua: mtu usiyemfahamu akikuomba chokaa, humpi mkono kwa mkono. Unaiweka kwenye ncha ya chuma. Akiichukua, ni binadamu mwenzako. Akirudi nyuma, funga mlango. Ni yakshi, na wageni wakituuliza tunawaambia ni jini mwanamke, aombaye chokaa na kuondoka na damu.

"Miguu yake uliiona?" Bhargavi alinong'ona.

"Sikuangalia." Vilasini alifikiri kidogo. "Ila ule uwanja wote ni majani makavu, Mama. Na akitembea, majani hayalii."

Jioni ile Achuthan aliporudi na kuuliza kama mtoto amecheza, hakuna aliyemjibu. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa kimya.

Walifunga mlango wa jikoni wakaweka kinu nyuma yake, wakawasha taa zote, Bhargavi akaanza kutaja majina ya mungu mke wa hekalu letu. Kilichofuata kilianza polepole, kucha moja ikikwaruza ndani ya shaba, krr, krr, kama mtu anayekomba kijaluba kisicho na kitu, na kijaluba chenyewe kilikuwa kiunoni mwa Bhargavi, kimefungwa ndani ya upindo wa nguo yake, naye alikuwa akiihisi ile kucha ikizunguka juu ya nyama ya ubavu wake, asithubutu kukitoa wala kukitupa, huku harufu ya maua ikijaa chumbani mpaka mioto ya taa ikainama, na nje ya mlango sauti nzuri ya kike, ya mtu asiye na haraka yoyote, ikisema, "Dada, una chokaa kidogo?"

Vilasini alitaka kuinuka. Alinyosha mkono wazi kuelekea mlangoni huku macho yamefumba, ikabidi baba yake amlalie magoti.

Kulipokucha Achuthan alikimbia kwa Kuttan Panikkar. Mganga huyu alikuwa kondakta wa basi miaka thelathini kabla ya kurithi kazi ya baba yake, na bado alikuwa na ulimi wa kondakta. Alikuja akiburura baiskeli, akalalamikia magoti, akamtazama Vilasini mara moja, akaacha mzaha. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni.

"Huu msumari umeutoa wapi?"

"Kasrini."

"Kasrini kuna msumari?"

"Mmoja. Kwenye nguzo."

"Fundi Achuthan," Panikkar alisema taratibu, "wazee wako walijenga kasri zima bila msumari hata mmoja. Halafu unakuta mmoja. Hukujiuliza huo mmoja una kazi gani?"

Panikkar alianza kuung'oa ule msumari mwimoni.

"Uligongomelewa utosini mwa huyo yakshi. Alifungwa kwenye nguzo ile kabla babu yako hajazaliwa. Urudishwe mahali pale pale, tundu lile lile, na mkono uliong'oa. Ukikosea hata upana wa unyasi, umetoboa mbao tu."

"Tundu nimeliziba," Achuthan alisema, na kwa mara ya kwanza hakujigamba. "Halionekani."

"Basi akuonyeshe mwenyewe. Beba msumari wake, atakufuata. Mpe anachopenda, atakaa atafune. Akikaa ataegemea alipozoea." Panikkar aliugeuzageuza msumari alioung'oa mwimoni, akaukazia macho. "Mzima huu? Ukipungua kipande, na yeye kuna kipande chake kitakachobaki nje."

Achuthan alitazama uani. Majani yalikuwa yamefagiwa na kuchomwa mara mbili tangu siku ile. Kusema ukweli kulitaka siku nzima ya kuchekecha majivu, na ndani binti alikuwa ameanza kuugulia. Lakini nisimtetee sana. Alikuwepo mkewe, walikuwepo majirani wawili wenye masikio, na aibu ilimkaba: ameziba pasipozibwa, sasa aseme na kuukata ameukata?

"Mzima," alisema.

Magharibi ngoma za hekaluni zilipolia, Achuthan alikuwa peke yake katika ukumbi wa kina mama, nyundo kiunoni, tambuu na popoo kwenye jani, chokaa kwenye ncha ya kisu. Mlinzi alimfungulia akidhani amesahau randa. Alipapasa nguzo kuanzia chini hadi alipofika, akatumia kucha, akatumia ulimi, akaweka shavu, na mbao ilikuwa laini kila mahali, kazi safi, kazi ambayo angempiga mtu kofi kwa kuisifu kidogo, na wakati anailaani mikono yake harufu ikaingia kutoka madirishani, na ile sakafu nyeusi ing'aayo ikamwonyesha kivuli chake mwenyewe na nyuma ya kivuli chake nywele, nywele nyingi zikishuka hadi magotini, na chini ya magoti hakukuwa na kitu cha kugusa sakafu.

"Kaka, una chokaa kidogo?"

Alinyosha kisu bila kugeuka. "Shika, dada."

"Weka mkononi."

"Mkono wangu mchafu. Ni wa kazi. Tambuu ya hapa ni changa, popoo nimekata mwenyewe. Nakuwekea kwenye jani. Kaa utafune, umesimama muda mrefu."

Alifuta chokaa kwenye jani, akalisukuma sakafuni. Kisha akasikia popoo ikipasuka mdomoni, akasikia pumzi ya mtu aliyerudi kwake baada ya safari, na pembeni ya jicho akamwona anateremka, mgongo kwenye nguzo, kisogo kwenye mbao, uso mzuri mno na macho yamefumba kwa utamu. Juu kabisa ya utosi, pale nywele zilipogawanyika, paligusa mbao. Achuthan aliweka msumari hapo akapiga. Alipiga mara nne. Ukelele ulitoka ndani ya nguzo, ndani ya mbao, ukashuka mpaka ukawa mlio wa mbao ikitulia. Sakafuni yalibaki mate mekundu.

Alikimbia mpaka nyumbani. Mlangoni Bhargavi alikuwa analia na kucheka.

"Amecheza, Baba Vilasini! Anapiga mateke kama punda!"

Achuthan alikaa chini kwenye vumbi akalia mbele ya watu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, nywele tele kichwani. Siku ya ishirini na nane tulikusanyika kumfunga uzi wa kiunoni, Panikkar akala mabakuli matatu ya uji mtamu wa maziwa, na Achuthan akazungumzia kazi yake kwa sauti kubwa kama zamani. Lakini wanaomjua waliona. Kila jani likianguka uani aligeuza shingo. Wiki zote nne alikuwa akitoka alfajiri na chekecheo, akichekecha majivu na mchanga karibu na kisima, akisema anatafuta pete. Hakuipata.

Wageni walipoondoka, jua likizama, alikuwa jikoni akimkatia mkewe popoo. Vilasini alikuwa ng'ambo ya uwanja, karibu na kisima, mtoto kifuani, nywele amezifungua zikauke. Mashavu yamejaa, mzuri kuliko siku zote. Katika maisha yake hajawahi kutafuna tambuu. Mama yake alimcheka kwa hilo tangu utotoni.

"Baba," aliita, "una chokaa kidogo?"

Achuthan alichota chokaa kwa ncha ya kisu chake, akainyosha nje ya mlango.

"Njoo uchukue, mwanangu."

Vilasini alikitazama kile chuma muda mrefu. Akatabasamu.

"Weka mkononi, Baba," alisema, akaanza kuja, mtoto amembana kifuani, akipita katikati ya uwanja ambao kiangazi kilikuwa kimeutandaza majani makavu kutoka kisimani hadi mlangoni.

Achuthan alitega sikio. Majani hayakulia.