Seva Aliyoisimika Mkewe

Katika chumba cha seva walikuwamo watatu: rafiki yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta; shemeji yake, ambaye ni fundi umeme; na mlinzi wa jengo. Rafiki yangu alikuwa akiunganisha seva ziwe kundi moja la kugawana nguvu, akiharakisha arudi hospitalini kwa mkewe aliyelazwa. Seva aliyoisimika mkewe ilikwisha kuondolewa kazi zote, lakini feni zake zilikuwa zikihema.

“Shemeji, hii inawanyonya wenzake,” fundi umeme alitania. “Umeilisha nini?”

“Haina kitu ndani. Izime.”

Fundi umeme akachomoa waya. Taa zake zikazimika, lakini mle gizani ndani ya kabati la seva feni ziliendelea kuhema, polepole zaidi.

“Irudishe!” rafiki yangu alilia. “Irudishe, ndugu yangu!”

Waya ukarudishwa. Feni zikavuta pumzi moja ndefu, zikanyamaza.

Simu ya rafiki yangu ikaita, kutoka hospitalini. Mkewe alikuwa amefariki.