Kifundo cha Mguu wa Germain

Kila siku baada ya masomo nilikwenda bombani kuteka maji, na kaka yangu Germain alikwenda uwanjani kucheza kandanda. Ndivyo tulivyoishi katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, hapa Likasi, mwaka wa 1969. Maji yakikosekana nyumbani, niligombezwa na mama. Germain akichelewa mazoezini, aligombezwa na kapita Ambroise, na huyo alikuwa mkali kuliko mama.

Kapita Ambroise alifundisha timu ya vijana wa kambi. Kiwandani alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kundi la baba yetu, na ndiye aliyeamua nani afanye kazi mbele ya tanuru na nani akae penye hewa. Kwa hiyo uwanjani hakuna mtoto aliyemjibu. Hata akiwatukana, walitazama chini. Jambo hilo liliniudhi siku zote.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa fainali, nilimkuta Germain nyuma ya nyumba ameshusha soksi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na upande wa nje ngozi ilikuwa imevilia damu. Alisema mwenzake alimwangukia mazoezini. Tangu hapo kapita alikuwa akimkanda kwa maji ya moto na kumfunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akidai kwamba maumivu ya mtoto huisha kwa kukimbia.

Nilimuuliza kwa nini hamwambii baba, maana hospitali ya kampuni iliwatibu bure watoto wa wafanyakazi.

"Weye haujue kintu, Berthe," akanijibu. "Minye nikikatala kucheza, papa njo atatumwa mbele ya tanuru."

Nikataka kujua kama kapita alimwambia hivyo. Germain alisema hapana, kapita alimuuliza tu, huku akicheka, kama baba angali anapenda kukaa penye hewa. Nilikasirika sana. Mtu mzima, mwenye watoto wake, anamtisha mtoto wa mwenzake kwa ajili ya kikombe.

Jumapili baada ya misa kambi nzima ilijaa uwanjani. Baba alisimama pembeni na rafiki zake, akijisifu kwamba yule mwenye namba saba ni wake. Germain alikuwa akichechemea, na watu walidhani anafanya ujanja wa kuwahadaa wapinzani. Wakati wa mapumziko nilimwona kapita amepiga magoti, anaukaza ule mpira kwa nguvu. Germain aliuma ukosi wa jezi asilie.

Sikungoja tena. Nilimshika baba mkono, nikamvuta mpaka pale, nikamwambia yote mbele ya timu, hata habari ya tanuru. Baba akachuchumaa, akaufungua mpira taratibu. Mguu ulipoonekana, watu wakasogea kutazama. Kapita alisema kimebaki kipindi kimoja tu, kikombe ni cha kambi nzima, kijana avumilie.

"Kapita," baba akasema bila kupaza sauti, "minye njo natumika chini yako. Mutoto hapana. Kesho unitume mbele ya tanuru, nitaenda. Lakini hii muguu hautaigusa tena."

Akampandisha Germain kwenye baiskeli, wakaenda hospitali. Daktari alikasirika kuliko baba. Alieleza kwamba mfupa wa mtoto bado unakua, na karibu na ncha yake kuna sehemu laini inayourefusha. Sehemu hiyo ilikuwa imepasuka. Kuikanda na kukimbia nayo kungeweza kuufanya mguu ukue umepinda. Akamfunga plasta.

Timu ilishindwa, na majirani wengine wakatununia. Jumatatu baba alitumwa mbele ya tanuru kweli. Lakini wazazi wengine walianza kukagua miguu ya watoto wao, wakakuta wengine wawili wamefungwa mipira ile ile. Walikataa kuwaruhusu tena uwanjani mpaka kampuni ilipomwondoa Ambroise kwenye timu. Tangu hapo, anayeumia hachezi kabla muuguzi hajamwona.

Jioni ya Jumatatu ile baba alirudi macho mekundu kwa joto la tanuru. Germain alipomwona alilia, akasema yeye ndiye aliyemletea taabu hiyo.

"Hapana," baba akasema. "Taabu ililetwa na kapita. Weye ulinificha tu, na hiyo njo imenikasirisha. Mukubwa akikuambia uvumilie mpaka uvunjike, haiko anakufundisha, iko anakutumia. Kazi yangu nitaibeba minye. Weye beba muguu yako, na ikikuuma, useme."

Kisha akaniomba maji ya kunawa macho. Nilikuwa nimeshayateka.