Kilomita Elfu za Mwanzo

Kila asubuhi Mzee Barua alifagia ua, akamwagilia mboga zake, kisha akakaa kwenye kiti cha kamba kibarazani. Alikuwa amesambaza barua kwa miaka ishirini na saba, juu ya pikipiki nyekundu yenye mifuko miwili ya turubai. Jina lake halisi watu walilisahau. Walimwita Barua, na alipoota mvi wakaongeza Mzee.

Aliishi na binti yake, muuguzi. Kazi ya binti ilikuwa kuwafuata wagonjwa na akina mama wajawazito majumbani mwao. Alizunguka kwa miguu, sanduku la dawa begani. Jioni alivua viatu mlangoni, akazikanda nyayo zake. Mzee aliona, na moyo ulimuuma.

Muuguzi alijinyima miaka mitatu. Mwishowe akanunua pikipiki mpya.

"Baba, njoo uone!"

Mzee Barua aliizunguka mara tatu. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, kiti bado kimefunikwa nailoni. Alinusa mpira mpya na rangi mpya. Harufu ile ikamrudisha nyuma, hadi siku aliyokabidhiwa ile nyekundu yake. Siku hiyo binti alikuwa na miaka minne. Alimpakata mbele, akamzungusha uwanja wa posta mara mbili. Mtoto alipoteremshwa, alilia hadi akapaliwa.

"Usiiendeshe kwanza," Mzee akasema. "Injini mpya huzoeshwa. Sisi tuliiwasha, tukaiacha kwenye stendi ingurume kutwa nzima. Kesho yake ni farasi!"

"Lakini baba, imekuja na kitabu cha maelekezo."

"Kitabu kimeandikwa na mtu aliyekaa mezani. Mimi nilikaa juu ya pikipiki."

Muuguzi akacheka. Alikuwa na mkutano zahanati, na muda ulikuwa umemtupa mkono. Akaacha ufunguo mezani. "Haya, basi wewe iangalie tu. Nitarudi mchana."

Kuangalia tu! Binti hajafika hata njia panda, Mzee alikwisha kuiwasha. Akaisimamisha kwenye stendi juani, akarudi kitini kusikiliza. Mlio ule ulimbembeleza. Aliziona tena njia zake zote, na mageti, na mikono ikinyooshwa kupokea bahasha. Kope zikawa nzito. Akalala fofofo.

Kilichomwamsha ni harufu ya kuungua. Hewa juu ya injini ilikuwa ikitetemeka kwa joto. Mlio ulikuwa umebadilika, ukawa mkavu na wa kukwaruza. Kabla hajaufikia ufunguo, injini ikazimika yenyewe. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Mzee Barua akauchomoa ufunguo. Akaziwaza nyayo za mwanawe.

Angeweza kunyamaza. Angeisogeza kivulini, akaifuta vumbi, na kosa likaonekana ni la kiwandani. Lakini katika miaka yote ile hakuwahi kuficha barua ya mtu hata moja, njema wala mbaya. Muuguzi aliporudi, alimkuta baba amesimama getini.

"Mwanangu, nimeiharibu pikipiki yako."

Binti akaweka sanduku chini. Akaitazama pikipiki, akamtazama baba.

"Kaa kivulini, baba. Ngoja nikamwite fundi."

Fundi aliishi mtaa wa pili. Alikuwa mama wa makamo mwenye ovaroli la bluu, na watu walimwita Fundi Sikio, kwa sababu alisikiliza injini kwanza kabla ya kushika spana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Ila leo sistahili salamu."

"Acha hayo. Niambie ilinguruma muda gani?"

"Tangu saa tatu. Nadhani hadi saa tano hivi."

"Na oili nzito, kama walivyofanya wa zamani, umeongeza?"

"Hiyo nilikuwa nimeiweka kwa kesho."

Fundi Sikio akacheka, na muuguzi naye, bila kupenda, akacheka. Waliisubiri injini ipoe kabisa. Kisha fundi akaikanyaga kiki kwa mguu, taratibu, huku ameinamisha kichwa.

"Inazunguka," akasema. "Pistoni haijanasa. Tumshukuru Mungu."

Akafungua mahali pa kupimia oili, akachovya kijiti, akakinusa. "Oili ndiyo iliyoungua. Tutaimwaga tuweke nyingine, ile ile iliyoandikwa kitabuni, nayo itawaka. Mzee, ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Lakini ndivyo tulivyofanya zamani," Mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Wengi walifanya hivyo, na wengine mpaka leo wanafanya. Nikuulize, baba. Kazini kwako ulishuka ukatembea sana, geti hadi geti. Ukipewa viatu vipya vya ngozi, ulifanyaje?"

"Nilivivaa kidogo kidogo. Ukivianza kwa safari ndefu, unarudi na malengelenge."

"Na ukiviacha chini ya kitanda mwezi mzima?"

Mzee akafikiri. "Vitabaki vigumu vile vile."

"Basi na injini ni hivyo. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Pistoni imevishwa ringi, yaani pete za chuma. Vyuma vyote ni vipya, vina vikwaruzo vidogo visivyoonekana kwa macho. Ringi zinatakiwa zisuguane na silinda mpaka zikae sawasawa. Hazikai hivyo pikipiki ikiwa imesimama. Lazima iende, ifanye kazi, lakini kazi ndogo. Tena injini hii inapozwa na upepo. Ikisimama juani upepo inaupata wapi?"

Mzee akashika kiuno. "Kumbe niliipika."

"Uliipika bila maji!"

Muuguzi akauliza, "Sasa nifanyeje, fundi?"

"Asubuhi ukiiwasha, iache dakika moja au mbili ipate moto, kisha ondoka. Kwa kilomita mia tano za mwanzo, usivute mkono wa mafuta kupita nusu. Usishike mwendo mmoja njia nzima. Ongeza, punguza, badili gia. Ukifika mlimani shusha gia, usiilazimishe kupanda na gia kubwa. Usibebe mtu wala mzigo mzito. Kila baada ya nusu saa, simama uipumzishe. Zikitimia mia tano, tumwage oili tena, maana itakuwa imebeba chembe za chuma. Tukaze na nati na mnyororo. Baada ya hapo uongeze mwendo kidogo kidogo, mpaka zitimie elfu moja."

Muuguzi akashusha pumzi. "Sanduku langu ni zito, na wagonjwa hawasubiri. Kilomita elfu za polepole nitazipata wapi?"

Fundi Sikio akamgeukia Mzee.

"Mimi?" Mzee akashtuka. "Mimi sijapanda pikipiki tangu mke wangu afariki. Miaka minane!"

"Leseni yako imekufa?" binti akauliza.

Mzee akakohoa. Leseni ilikuwa hai. Kila ilipokaribia kuisha alikwenda kuihuisha, na hakuwahi kumwambia mtu.

Muuguzi hakumpa ruhusa hivi hivi. Alimsimamisha mwisho wa ua, akamtaka asome maandishi ya kalenda iliyo ukutani, jicho moja moja. Akampima shinikizo la damu. Akamnunulia kofia ngumu. Kwa juma zima Mzee alizunguka uwanja wa shule uliokuwa mtupu, fundi akimsimamia. Mikono ilisahau kidogo, kisha ikakumbuka yote.

Siku ya kwanza barabarani hakupanga aelekee wapi. Mikono ndiyo iliyoamua. Ilikata kushoto kwenye kiwanda cha matofali, ikashuka darajani, na Mzee akajikuta kwenye njia yake ya barua.

Mengi yalikuwa yamebadilika. Palipokuwa na duka la vitabu paliuzwa simu. Masanduku ya barua getini yalikuwa yameota kutu. Nusu saa ilipotimia, alisimama kuipumzisha injini mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani. Bibi mmoja akatoka, akakinga macho kwa mkono.

"Ni Barua? Leo umeniletea nini?"

"Leo nimejileta mwenyewe."

Bibi akacheka mpaka akashika mlango. Mume wake alikuwa baharia, na kwa miaka kumi maneno yake yote yalipita mkononi mwa Mzee. "Barua zake bado ninazo," akasema. "Sanduku zima. Ukizimaliza kuzisoma unaanza upya."

Ikawa ndiyo desturi. Kila kituo cha kupumzisha injini kilikuwa na mtu wake: fundi saa, mwalimu mstaafu, mama aliyewahi kupokea barua ya kazi akambusu Mzee shavuni mbele ya mumewe. Wengine hakuwakuta tena. Hapo alisimama, injini ikipoa, tik, tik, tik, kisha akaondoka polepole.

Zilipotimia mia tano, Fundi Sikio alimwaga oili kwenye beseni, akaigeuzageuza juani. Ilimeta.

"Unaona? Hizo chembe zingebaki, zingekuwa msasa ndani ya injini."

Zilipotimia elfu, Mzee alimkabidhi binti yake ufunguo. Alisema tu, "Iko tayari, mama."

Wiki ya pili yake, asubuhi na mapema, simu ikalia. Mama mjamzito alikuwa ameshikwa na uchungu nyumba za juu mlimani, kule ambako muuguzi alikuwa akitumia saa mbili kupanda. Akafunga sanduku, akavaa kofia. Mzee alisimama getini. Aliisikia pikipiki ikishika mlima, ikishusha gia, ikipanda. Haikukohoa. Haikutoa moshi. Sauti ikapungua, ikapotea.

Akarudi kitini. Akasimama. Akaenda getini, akarudi. Saa nne ikapita, na saa sita. Mboga hazikumwagiliwa. Kila muungurumo wa mbali ulimwinua.

Ilipofika saa nane aliitambua sauti ile kabla haijafika kwenye kona. Binti akaingia uani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nimemkuta dakika za mwisho, baba. Wa kike, kilo tatu na nusu. Mama hajambo." Akavua kofia. "Mbona umesimama juani?"

Mzee akampokea kofia.

"Miaka ishirini na saba niliondoka hapa kila asubuhi," akasema. "Nilidhani mwenye kazi ngumu ni mimi. Kumbe mama yako alikuwa akishinda hivi, akinisubiri."

Muuguzi akamshika mkono, wakaingia ndani.