Kibanda cha Jasho cha Akina McGourty

Giza lilikuwa linaanza kuingia Attracta McGourty alipomaliza kukomba makaa kutoka kwenye kibanda cha jasho. Akatandika matete mabichi juu ya sakafu iliyokuwa bado inafuka. Kibanda chenyewe ni mawe matupu, kama tanuri, na mlango wake ni wa kutambaa. Huko Glenfarne, katika kaunti ya Leitrim, wenye baridi yabisi walitibiwa kwa kufungiwa katika vibanda kama hicho watoke jasho.

Mgonjwa alikuwa mdogo wake, Phelim. Kwa miaka sita mgongo wake ulikuwa umepinda, na hakuweza kutembea bila fimbo.

"Dada, ukinisahau humo nitaiva kama kiazi," alisema, akivua shati nyuma ya kichaka.

"Kiazi kina faida. Wewe ingia tu."

Attracta akaenda kijitoni kuchota maji. Aliporudi, fimbo ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Mama yao alikuwa amemwonya tangu utotoni: anayeziba mlango aione kwanza miguu ikiingia, ndipo aite jina. Lakini joto lilikuwa linapotea.

"Phelim?"

"Nipo, dada."

Akaziba mlango kwa jiwe bapa na mabonge ya udongo.

Kisha... nyayo nyuma yake. Harufu ya majani yaliyovunda.

"Unamfungia nani?"

Phelim alikuwa amesimama njiani, shati mwilini, akitabasamu.

Kutoka ndani sauti ileile ikanong'ona, "Dada... usimjibu."

Attracta akalishika jiwe la mlango. Mmoja wao ni ndugu yake. Akimwacha wa ndani, joto litamuua. Akimfungulia, je, anamfungulia nani?

"Twende zetu nyumbani," alisema wa nje. "Mambo ya wazee haya. Sina haja nayo tena."

Akapiga hatua. Hatua ndefu, nyepesi.

Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Attracta akayararua mabonge kwa kucha, akalisukuma jiwe kando, akaingiza mikono hadi mabegani.

Matete yalikuwa yamebonyea umbo la mtu aliyejikunja. Yalikuwa yamelowa jasho.

Hapakuwa na mtu.

Phelim anaishi naye mpaka leo. Hutembea bila fimbo, hucheza kwenye kila harusi, na majirani hukisifu kibanda. Attracta hamruhusu mgonjwa mwingine kukikaribia.

Ila kila jioni hushuka peke yake na ile fimbo, akainama mlangoni, akaita jina.

"Nipo, dada," hujibu sauti kutoka ndani, hafifu kuliko ya jana.

Na kutoka nyumbani, juu ya mteremko, mwingine naye huitikia.

"Nipo, dada."