Vidole Viwili vya Mwisho

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta, hata kabla ya damu. Katika miaka yake kumi na tisa ya upelelezi, maiti wengi aliowakuta walikuwa wamelala chini, na alishawazoea hivyo. Huyu alikuwa ameegemea kabati la chuma, miguu ameinyoosha, mikono imelazwa mapajani, vidole vinne vya kila mkono vimefungwa plasta tayari kwa mechi.

"Mchezaji wa mpira wa wavu wa ufukweni," Sajini alisema, akisoma kitambulisho. "Yuko kwenye hii ziara ya kimataifa. Timu ya wanawake wawili. Wanamwita Kiberenge, kwa mbio zake. Mechi yao ilikuwa saa tatu."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa mbili na robo, afande."

Kilikuwa chumba chembamba chini ya jukwaa la watazamaji: benchi, kabati, bomba la kuoshea miguu, na mchanga kila mahali. Inspekta aliusikia ukiingia viatuni, akasonya. Pigo lilikuwa moja tu, kisogoni. Damu ilikuwa imeshuka shingoni hadi kwenye fulana, na nyingine ilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Sajini alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Aliyeigundua maiti ni mtunza uwanja, mzee mmoja ambaye wachezaji walimwita Mzee Reki. Askari walimkuta ameshika mpini wa chuma wa kukazia wavu, una damu na nywele. Alama za vidole zilizokuwamo ni zake peke yake. Tena jana, mbele ya watu, Kiberenge alimfokea kwa sababu ya kipande cha chupa kilichomkata mguu mchangani.

"Imekwisha hiyo, afande," Sajini alisema.

"Niletee mzee."

Mzee Reki aliketi mbele yake, kofia mkononi.

"Mzee wangu, chuma hiki ni chako?"

"Cha uwanja, mwanangu. Nakitumia kukazia nyavu. Kinalala kwenye msumari, ndani ya mlango wa chumba kile."

"Leo ulikikuta wapi?"

"Palepale msumarini. Nikaenda kukaza wavu wa kwanza, nikahisi kinateleza. Kutazama, damu! Nikarudi chumbani mbio."

"Mara ya kwanza hukumwona marehemu?"

"Msumari uko hapa, kabati liko kule konani. Mimi napenyeza mkono tu, nisije nikawakuta akina dada wanavaa."

"Jana alikufokea."

"Alinifokea, na haki alikuwa nayo, mguu ni wake. Jioni akaja kuniomba radhi. Tukacheka."

"Nani aliwaona mkicheka?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Hakuna. Watazamaji walikuwepo kwenye ugomvi tu."

Inspekta alimwamini, na jambo hilo lilimtia hofu. Kumwamini mtu si ushahidi. Mkuu wa kituo alikuwa amepiga simu mara mbili: basi la ziara linaondoka saa kumi kwenda uwanja wa ndege, na mkuu alitaka mzee asomewe shtaka la mauaji kabla ya hapo. Basi likishaondoka, mashahidi wote watatawanyika nchi za watu, na Mzee Reki atabaki peke yake na chuma chake, hana wakili wala mtetezi. Shtaka lile halina dhamana.

Akamwita mwenzake marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu ajabu, aliyeinama kupita mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuzuia mipira kwenye wavu, ndiyo maana wakamwita Ukuta.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana jioni, hotelini."

"Asubuhi je?"

"Niliamka na goti limevimba, nikaliwekea barafu. Nilipofika uwanjani nikawakuta nyinyi."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Miaka kumi na moja, afande. Tumelala chumba kimoja, tumekula sahani moja, tumeambukizana homa. Tungegombana saa ngapi?"

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, na Inspekta akamsogezea kitambaa. Machozi ya uongo aliyajua, na haya hayakuwa ya uongo.

Saa sita mchana daktari wa maiti alipiga simu. "Njoo mwenyewe," alisema. "Hili halielezeki kwa simu."

Alikuwa ameukunjua mkono wa kulia wa marehemu juu ya meza, chini ya taa, na kuzipanga plasta nne kwenye sahani ya bati.

"Angalia. Kidole cha shahada na cha kati, damu iko juu ya plasta. Ngozi chini yake ni safi. Sasa tazama cha pete na cha mwisho."

Inspekta aliinama. Plasta za vidole hivyo viwili zilikuwa nyeupe kwa juu. Damu ilikuwa chini yake, imegandia kwenye ngozi.

"Yaani viwili vilifungwa kabla ya pigo," alisema taratibu, "na viwili baada yake."

"Ndivyo. Alipopigwa alishika kisogo kwa mkono huu, damu ikampaka vidole. Halafu kuna mtu akaendelea kumfunga."

"Maiti?"

"Hapana. Hakufa papo hapo. Alikaa dakika kumi, pengine kumi na tano."

"Hakujifunga mwenyewe?"

"Na fuvu lile? Haiwezekani. Hebu ona na kingo. Plasta za mkono wa kushoto zimekatwa kwa meno, hizo alijifunga mwenyewe. Za kulia zimekatwa kwa mkasi."

Kwenye gari Sajini alikuwa amenywea. "Afande, muuaji gani anamfunga plasta mtu anayekata roho? Huyo kichaa."

"Au mwenye mazoea," Inspekta alisema. "Twende hotelini."

Kocha walimkuta kwenye ukumbi wa mapokezi, amekaa juu ya sanduku lake, uso umemsawijika. Hiyo ilikuwa nchi ya tisa kwa mwaka ule, na alionekana kama hajalala hata katika moja.

"Nani huwafunga wachezaji wako plasta?"

"Wanafungana wenyewe. Mkono wa kushoto unajifunga, wa kulia unafungwa na mwenzako. Ndiyo desturi yao, kila mechi, muda wa saa mbili kabla ya filimbi."

"Daktari wa timu je?"

"Alijaribu mara moja. Wakafungwa seti mbili kwa bila. Tangu siku hiyo hawataki kusikia."

"Kwa hiyo leo mkono wa Kiberenge ungeweza kufungwa na nani?"

Kocha alijifuta jasho usoni. "Kiberenge asingempa mtu mwingine mkono wake," alisema.

"Kuna nini unanificha?"

"Kulikuwa na fomu, afande. Ya kuvunja jozi. Alinionyesha juzi. Akaniomba nisimwambie Ukuta, atamwambia mwenyewe."

"Anaenda kucheza na nani?"

"Hakuna. Alikuwa anaacha mpira."

Saa tisa kasoro Ukuta aliketi tena mbele ya Inspekta, safari hii kituoni. Inspekta aliweka mezani picha za vidole vinne, moja baada ya nyingine, akaeleza damu ya juu na damu ya chini. Ukuta alizitazama.

"Leo asubuhi ulimfunga mkono," Inspekta alisema.

Ukuta alizigeuza picha kifudifudi.

"Kuna mzee yuko mahabusu hapo nyuma ya ukuta. Akisomewa shtaka atafia gerezani. Ulimfikiria?"

"Hapana." Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Sikumfikiria hata kidogo. Nilifuta chuma harakaharaka pale nilipokishika, nikakirudisha msumarini, nikatoka kwa mlango wa nyuma."

Sajini alianza kuandika.

"Eleza."

"Tulikuja mapema, saa kumi na mbili na nusu. Nikamfunga kidole cha kwanza, nikamfunga cha pili. Akasema, 'Dada, haya ni mashindano ya mwisho. Narudi nyumbani.' Nikadhani utani. Akasema mwanawe ana miaka sita, analelewa na bibi yake, na kwenye simu anamwita anti. Mama yake mzazi, anamwita anti. Akasema hawezi tena."

"Ukakasirika."

"Niliogopa, afande! Mchezo huu hauna mchezaji wa akiba. Mmoja akitoka, mwingine naye katoka. Goti langu limekwisha, nani atanichukua? Mume wangu aliniacha kwa sababu ya ziara. Mama yangu alizikwa nikiwa kwenye nusu fainali, na ni yeye Kiberenge aliyenishika mkono akaniambia tucheze, mama angependa. Nikacheza. Halafu yeye anasema anarudi nyumbani, hivihivi tu. Mimi ningerudi kwa nani?"

"Endelea."

"Alinigeuzia mgongo atoe ile fomu kwenye begi. Chuma kilikuwa usawa wa mkono wangu."

Inspekta alimpa ishara Sajini, naye akatoka na funguo za mahabusu. Muda si muda wakasikia mlango wa chuma ukifunguliwa, na sauti ya Mzee Reki ikiuliza mara mbili kama ni kweli.

Inspekta alivuta kiti karibu. Maelezo yalikuwa yametosha kwa mahakama, lakini lilikuwapo jambo moja lililomkaa kooni tangu mchana.

"Chumba cha huduma ya kwanza kiko hatua ishirini kutoka pale. Muuguzi alikuwepo tangu saa kumi na mbili. Kiberenge alikuwa hai. Kwa nini ulimalizia kumfunga?"

Ukuta alitazama viganja vyake vikubwa.

"Aliteleza akakaa chini. Akashika kichwa, akanitazama. Hakujua, afande. Akaniuliza, 'Dada, nimeangukiwa na nini?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Hakuna kitu. Lete mkono tumalize, mechi ni saa tatu.'"

"Naye?"

"Akanipa."