Pesa za Chini ya Matumbo

Jumamosi ile bucha ilifurika watu hadi nje, na dobi, binti wa gauni la njano lililopigwa pasi likanyooka, alikuwa amechoka kusimama.

"Mrembo, nikukatie wapi?" akauliza mwenye bucha, kijana mpana wa mabega.

"Popote pasipo na mfupa. Na hiyo aproni, nani anakufulia?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Foleni nzima ikacheka. Jioni aproni ilikuwa kwa dobi, na kabla mwezi haujaisha moyo wa mwenye aproni ulikuwa huko huko.

Simu zikawa haziishi.

"Umekula, laazizi?" dobi angeuliza.

"Nimekula. Vocha yangu inakata, nipigie wewe."

Dobi alicheka, akapiga. Alimwona ni mtu asiyeona haya kusema hana, akampendea hilo. Viatu vya kijana vilishikiliwa na waya, na nyumbani kwake alipika vile vipande ambavyo wateja walivikataa hadi vikabadilika rangi. Mimi ningekimbia mapema. Dobi aliviosha kwa ndimu, akala naye.

Kisha macho ya mama yake dobi yakaanza kufifia. Daktari akasema apasuliwe haraka, la sivyo hataona tena.

"Mpenzi, huna chochote kabisa?" dobi aliuliza.

"Haki ya Mungu sina. Ningekuwa nacho ningekuficha wewe?"

Dobi akauza mashine yake ya kufulia. Mwenye bucha aliibeba begani mwenyewe hadi kwa mnunuzi, jasho likimtiririka, na dobi akajiambia kwamba mume amempata. Fedha ya mashine haikutosha. Alifua kwa mikono hadi vidole vikachubuka, na ilipotimia, daktari alitikisa kichwa. Walikuwa wamechelewa, mama ameshapofuka.

Mwaka uliofuata mwenye bucha alisafiri kununua ng'ombe, na huku nyuma umeme ukakatika. Aliporudi alimpigia dobi.

"Kipenzi, nakuja. Usiniulize kitu."

Alifika na ndoo. Uvundo ulimtangulia mlangoni. Ndani ya ndoo, kwenye maji meusi ya matumbo yaliyooza, kulikuwa na mabunda ya noti, yamenatana, yanateleza, funza wanatambaa juu yake.

"Zilikuwa kwenye friza, chini ya matumbo," akasema. "Benki wanakata makato, nyumbani kuna wezi. Nani atapekua matumbo? Nifulie, kipenzi. Hii ni kazi yako."

Dobi aliziba pua. "Ulianza kuziweka lini?"

"Tangu hatujajuana." Akatabasamu, na tabasamu hilo linanitia kichefuchefu kuliko funza. "Sijawahi kudokoa hata noti moja. Hata wakati ule wa mama nilitamani, lakini nikajikaza. Pesa ukishaianza, imekwisha. Sasa tutafunga ndoa, nikununulie na mashine."

Dobi alimtazama mpaka tabasamu likamwisha. Alipobaki peke yake alivaa glavu, akazisuuza noti moja moja, akazianika kivulini, akazipitishia pasi ya vuguvugu. Katikati ya kazi alitoka uani akatapika, akarudi akaendelea.

Mwenye bucha alizifuata amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Dobi akamsukumia kifurushi juu ya meza.

Akakinusa. "Hazinuki hata kidogo. Kweli nimepata mke." Akamshika mkono. "Sasa nijibu, mpenzi. Ndoa lini?"

Dobi akautoa mkono wake taratibu. "Nimekutoza bei ya kufua shuka. Nimeshakata, chenji yako imo humo. Hesabu kabla hujatoka, kaka."

"Kaka?"

Chumba cha pili, mama alikuwa amesikia sauti ya kiume.

"Mwanangu," akaita, "huyo ni mkwe wangu?"

"Hapana, mama," dobi akasema, akimfungulia yule mtu mlango. "Ni mteja."